Kutoka Kitale Hadi Kanduyi, Kulitafutia Gari Jina

Nilikwenda Bungoma kwa sababu ya barua mbili. Wakati huo, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nilikuwa nimeacha ualimu na kuandika katika jarida dogo la wakulima lililotoka Kitale mara moja kwa mwezi. Barua ya kwanza ilitoka kwa msomaji wa Naitiri. Alisifu "lori dogo" la fundi mmoja lililokuwa likitoa maziwa mashambani wakati wa mvua, kwenye njia ambazo malori mengine yalizama hadi ekseli. Barua ya pili ilitoka huko huko Naitiri, kwa msomaji mwingine. Huyu alilalamika juu ya "kigari cha mashindano" kinachotisha ng'ombe barabarani, akataka kujua ni nani aliyekiruhusu. Nilizisoma mara mbili kabla ya kutambua kwamba wote wawili walikuwa wakizungumza juu ya gari moja.

Fundi mwenyewe hakuwa mbali. Aliitwa Barasa, na gereji yake ilikuwa nyuma ya maghala ya mahindi, Kitale mjini. Nilimkuta amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana.

"Umekuja wakati mzuri, mwalimu," alisema bila kutoka. "Alhamisi napeleka hii Kanduyi. Mkaguzi wa magari atakuwa huko siku hiyo moja tu. Polisi wa barabarani wamesema nipate karatasi yake, ama niikate."

"Uikate?"

"Niikate vipande, bana. Kila chuma irudi kwa mama yake."

Nililizunguka gari nikaelewa kwa nini polisi walishindwa kulipatia jina. Mbele lilikuwa bagi. Ndivyo Barasa alivyoliita, akinionyesha picha ya gazeti aliyoibandika ukutani: gari la mabomba matupu, lisilo na mlango wala paa wala kioo, likiruka kilima cha mchanga katika nchi asiyoijua. Nyuma lilikuwa lori, lenye bodi ya mbao za mkaratusi, springi za lori kuukuu na matairi ya tela. Injini ilitoka kwenye gari dogo lile lenye mgongo wa kobe, aina isiyohitaji maji, na ilikaa nyuma kabisa. Kwa hiyo bodi ilibidi iinuliwe juu yake, hadi usawa wa kifua changu. Ili kuifikia injini ulifunua kifuniko kilichokuwa kwenye sakafu ya bodi.

"Na mzigo ukiwa juu ya kifuniko?" niliuliza.

"Unashusha mzigo."

"Kwa nini hukukiweka ubavuni?"

"Ubavuni tope inaingia. Halafu injini haiwezi kuharibika kama mzigo iko juu." Alisema hivyo bila kutabasamu. "Inaheshimu."

Misimu miwili ya kiangazi ilikwisha akiliunda. Naitiri walikuwa wamekwisha kulipatia jina lao: Popo, kwa sababu popo si ndege wala si mnyama.

Kitale, Jumatano, saa moja asubuhi. Tuliondoka wawili, Barasa kwenye usukani na mimi kando yake juu ya kiti kilichotolewa kwenye basi fulani. Mpango ulikuwa tulale Naitiri, ambako kikundi cha wafugaji kingempa barua ya ushahidi na mzigo wa mahindi, ili mkaguzi alione gari likiwa kazini. Mvua ya kupandia ilikuwa imeanza wiki hiyo. Hadi Kiminini lami ilikuwa nzuri, na upepo ulitupiga usoni kwa nguvu hata nikashindwa kuandika. Watu waliokuwa wakipanda mahindi waliinuka kututazama. Mmoja aliinua jembe akapaza sauti, "Fundi, umesahau kuvalisha gari nguo!"

Mbele kidogo tulikuta kizuizi cha polisi. Afisa mmoja alilizunguka gari taratibu, akapiga teke tairi, akainama, akainuka.

"Hii ni nini?"

"Ni gari, afande."

"Naona ni gari. Gari gani? Lori? Pikapu? Ama uliokota Uganda ukapitisha Lwakhakha usiku?"

"Nimeunda mwenyewe, afande. Kitale."

"Kila mtu ananiambia ameunda mwenyewe." Aliandika kitu kwenye kijitabu chake. "Kesho enda kwa mkaguzi. Nikikuona tena bila karatasi, utarudi kwako na miguu, na hii itabaki hapa na mimi."

Tulipoondoka Barasa alitazama nyuma mara moja. Kisha akaniambia kwamba hofu ya Lwakhakha ndiyo iliyowafanya wazee wa Naitiri watake kuandika ile barua. Chuma chochote kisichojulikana kilikotoka, watu walisema kimevuka mpaka.

Tuliacha lami, tukaingia njia za mashamba. Hapo nikaona kazi ya lile gari. Udongo ulikuwa mweusi, umelowa, na katikati ya njia kulikuwa na mifereji iliyochimbwa na magari yaliyopita kiangazi. Tulipita lori moja lililoinama pembeni kama ng'ombe aliyekataa kuinuka, dereva wake akivuta sigara juu ya jiwe. Barasa alipunguza mwendo, akaweka gurudumu moja ukingoni na jingine katikati, na Popo akapanda. Sikuhisi kuzama hata mara moja. Lilitikisika, lililalamika kila mahali palipounganishwa, lakini lilipita.

Naitiri, saa saba mchana. Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Wanyonyi, mwenyekiti wa kikundi cha maziwa, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa. Kama wengi wa upande wa Bungoma, aliibadilisha l ikawa r na r ikawa l, bila kujua na bila kujali.

"Mwarimu! Kalibu sana. Habali ya Kitare?"

Mkewe, Mama Nekesa, alitupa ugali wa wimbi na mboga za mrenda, akakaa nasi kula. Yeye ndiye aliyenieleza kilichokuwa hatarini, na alinieleza kama mtu anayetoa hesabu ya mvua.

"Mvua iliyopita lori ya maziwa haikufika hapa karibu mwezi mzima. Tulikamua, tukamwaga. Nguruwe walinenepa kuliko watoto. Fundi alipoleta Popo, hatujamwaga tena. Na si maziwa peke yake. Mke wa mwanangu alishikwa na uchungu maji yakiwa yamejaa njia. Tulimlaza kwa ile bodi. Mtoto alizaliwa mlango wa zahanati. Anaitwa Nafula, yaani wa mvua." Alimgeukia Barasa. "Wakiikata, sisi tutabebana na migongo?"

"Hawataikata, mama," alisema Barasa. Lakini alikuwa ameacha kula.

Baada ya chakula tulikwenda sokoni kuandikisha barua. Kwenye baraza ya duka moja alikaa Wanjiku na taipu yake. Wazazi wake walitoka mkoa wa kati na kupata shamba huko Trans-Nzoia, na yeye aliolewa Naitiri. Lugha ya kwao haina l, na shuleni wenzake walimcheka kwa hilo hadi akaacha kuinua mkono darasani. Hayo aliniambia mwenyewe, akipangusa vumbi kwenye mashine. Aliniambia pia kwamba wateja waliwahi kumrudishia barua mbili tatu. Tangu hapo alikuwa na kanuni: neno likiwa na l au r, alilitafuta kwanza kwenye kamusi yake ndogo. Likiwamo, aliandika alivyosikia. Lisipokuwamo, alirekebisha.

Mzee Wanyonyi alisimama wima kama anayehutubia mkutano.

"Andika. Sisi wafugaji wa Naitili tunashuhudia ya kwamba gali hiri ni ra mahari."

Taipu ikalia. Mzee alikusudia kusema ni gari la mahali, yaani la hapa hapa, halikutoka nje.

"Rimeundwa na fundi wetu. Harikuvuka mpaka wa Rwakhakha. Riko kwa kazi yetu, na rikichukuriwa, maziwa yetu yatamwagika."

Wanjiku alifungua kamusi tena na tena. Alipomaliza alitoa karatasi, akanipa mimi kwanza, kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Niliisoma. Hiri lilikuwa limekuwa hili, na harikuvuka lilikuwa halikuvuka. Maneno hayo kamusi ilikuwa imeyakamata. Lakini katika mstari wa kwanza paliandikwa, safi kabisa, kwamba gari hili ni la mahari. Neno mahari limo kwenye kamusi. Ni mali anayotoa mwanamume ili aoe.

"Iko sawa, mwalimu?" aliuliza Wanjiku.

Nilitaka kucheka. Nilijua wasomaji wangu watalipenda kosa hilo kuliko kitu kingine chochote nitakachowaletea kutoka safari hii, na nikajiambia kwamba mkaguzi hatakosa kuelewa, na kwamba si kazi ya mwandishi kugusa anachokiona.

"Inasomeka," nilisema. Nikatoa daftari nikaandika neno lile, nikalipigia mstari.

Mzee alitia sahihi, akagonga muhuri wa kikundi. Barasa aliikunja barua akaiweka mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Naitiri hadi Webuye, Alhamisi. Tuliondoka alfajiri na magunia sita ya mahindi. Hadi Misikhu njia ilikuwa tope, na Popo alifanya kazi yake vizuri hata nikaanza kumwamini. Kwenye lami Barasa alibadilika. Alinyoosha mgongo, akaendesha kwa mkono mmoja, na kwenye mteremko mmoja aliliachia gari likaenda kasi, mabomba yakaimba kwa upepo.

"Unasikia?" alipaza sauti. "Hiyo sauti lori haina! Hii ni bagi, mwalimu! Bagi ya mzigo!"

Nilimtazama usoni na kuelewa kwamba alikuwa na haja mbili Kanduyi, wala si moja. Naitiri walitaka gari lipite. Barasa alitaka lipite likiwa lile la kwenye picha.

Harufu ya kiwanda cha karatasi cha Webuye ilitufikia kabla ya mji wenyewe. Baada ya hapo tulikuwa nyuma ya matrekta yaliyovuta tela za miwa, polepole, moja baada ya jingine, na Barasa aliyasonya yote alipokuwa akiyapita.

Kanduyi, saa nne asubuhi. Magari yalipangwa kwenye uwanja wazi karibu na barabara: malori, pikapu, basi moja la shule. Mkaguzi alikuwa mtu wa pwani, jina lake Bwana Athman, mwenye koti la kaki lililopigwa pasi na Kiswahili kilichopigwa pasi zaidi. Alikagua taa na breki bila haraka na bila kupandisha sauti. Tulingoja hadi saa sita. Madereva waliokuwa kwenye foleni walikwisha kulizunguka Popo wote, wakaanza utani.

"Fundi, hii inakula mafuta ama nyasi?"

"Si uifunge mkia basi, tujue mbele ni wapi!"

Barasa alicheka nao, lakini mkono ulikuwa kwenye mfuko wa shati.

Zamu yetu ilipofika alikabidhi barua kwa mikono miwili. Bwana Athman aliisoma, akairudia, akavua miwani.

"Gari hili ni la mahari?"

"Ndiyo mzee. Ni la mahari," alijibu Barasa kwa furaha.

Madereva wa foleni wakasogea karibu.

"Umelitoa au umelipokea?"

Barasa alisita. "Nimeliunda, mzee."

"Sawa, umeliunda. Mke yuko wapi?"

"Mke? Amebaki nyumbani, anakamua."

"Basi mwenye gari hayupo." Bwana Athman alisema kwa upole kabisa. "Sikiliza, ndugu yangu. Kwetu sisi mahari ni haki ya mke. Huku kwenu pengine ni ya wazee wake, sijui. Lakini kwa vyovyote si yako. Nitaandikaje jina lako juu ya mali ya mtu mwingine?"

Dereva mmoja wa lori alishindwa kujizuia. "Ati ulipelekea mkwe hii Popo? Na akakupatia msichana?"

"Mimi nilitoa ng'ombe!" Barasa aligeuka, uso umemwiva. "Ng'ombe wote! Uliza mtu yeyote!"

"Si ndiyo, walipungua ukaongezea gari!"

Bwana Athman aliinua mkono kicheko kikakoma. Alimrudishia Barasa barua, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Hebu nisomee hapa."

Barasa alisoma kwa sauti ya kanisani. "Gari hili ni la mahali."

Barasa naye alikuwa mtu wa Bungoma, ingawa ulimi ulimteleza katika maneno machache tu. Alipotaka kusema mahali, alisema mahari. Alipoona mahari, alisoma mahali. Mimi niliyekaa naye siku mbili nilijua. Mtu wa pwani alisikia kitu kingine: alimsikia mtu akibadilisha maandishi mbele ya macho yake.

"Usinifanyie ujanja. Herufi hiyo ya tano ni ipi?"

"Ndiyo hiyo hiyo mzee. Mahali."

"Imeandikwa mahari."

"Ndiyo! Mahari!"

Bwana Athman aliichukua barua akaikunja. "Sikagui gari lenye mzozo wa ndoa. Kapatane na wakwe zako, kisha uje nitakaporudi huku, baada ya mvua." Akageuka kuelekea gari lililofuata.

Baada ya mvua. Barasa alibaki amesimama, mikono imening'inia. Kizuizi cha polisi kilikuwa njiani kurudi, na mvua yenyewe ilikuwa ikikusanyika juu ya mlima Elgon, tukiiona.

Nilimfuata mkaguzi. "Bwana Athman, hakuna mzozo. Ni kosa la herufi moja. Walikusudia mahali: kwamba gari ni la huku, halikuletwa kutoka ng'ambo ya mpaka. Soma mistari inayofuata."

Aliisoma. Akanitazama. "Wewe ni nani?"

Nilimwambia.

"Ulikuwapo barua ikiandikwa?"

"Nilikuwapo."

"Ukaliona kosa?"

"Nililiona."

"Ukafanya nini?"

"Niliandika kwenye daftari."

Alingoja kidogo, kama anayetumaini kwamba nina zaidi ya kusema. "Yaani uliliandika kosa," alisema, "ukaliacha litembee."

Niligeuka nikakuta Barasa yuko nyuma yangu, amesikia yote. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Uliona, mwalimu?" na sikuweza kumtazama.

Bwana Athman aliirudisha miwani puani. "Haya. Fungua injini."

Kufungua injini kulimaanisha kushusha magunia sita, na waliotucheka ndio waliotusaidia kushusha. Mkaguzi alikagua kila kitu. Alikanyaga breki, akageuza usukani, akalala chini juu ya gunia tupu na koti lake la kaki. Alipoinuka alikuwa na tope mgongoni, na alimwambia Barasa kwamba maungio yake ni mazuri kuliko ya viwanda vingine. Kisha akafungua fomu juu ya gunia la mahindi.

"Sasa ndipo pagumu. Hapa nataka aina ya gari. Wewe unaliitaje?"

"Bagi ya mzigo, mzee."

"Bagi haimo humu. Ningekuwa na uwezo wa kuandika neno lisilokuwamo, ningeandika. Tutazame yaliyomo. Mimi sijali sana jina. Najali jina hilo litabeba nini." Aligusa bodi. "Nikiandika lori, unahitaji chesisi yenye namba ya kiwanda. Unayo?"

"Chesisi nimeunganisha tatu."

"Basi si lori. Nikiandika pikapu, nitataka kioo, nitataka milango, na bodi hii uishushe hadi hapa." Alionyesha gotini. "Likipinduka kwenye lami kwa urefu huu, litaua mtu."

"Mzee, ukishusha bodi itazama. Na injini nitaweka wapi?"

"Najua. Ndiyo maana nasema si pikapu. Imebaki trekta."

Mtu mmoja nyuma yetu alicheka, akajizuia.

"Trekta huwa juu, haina mlango, haina kioo, na hakuna anayeiuliza. Itavuta na kubeba mazao. Lakini itakwenda mwendo wa trekta, na itabeba dereva peke yake. Abiria hapana, hata mmoja."

Barasa alilitazama gari lake. Aliyatazama mabomba ya mbele, aliyoyakunja moja moja kwa moto akifuata picha ya gazeti, na ambayo saa chache kabla yalikuwa yakiimba. Nilikumbuka jinsi alivyoyasonya matrekta ya miwa. Aliuliza kama hakuna jina jingine kwenye fomu, na Bwana Athman akaigeuza fomu ili aisome mwenyewe. Barasa aliisoma yote kwa kidole, polepole, hadi chini.

"Andika trekta," alisema.

Tulipakia magunia. Nilipoweka mguu kupanda kiti changu, Barasa alinishika bega.

"Shuka, mwalimu. Sasa hii ni trekta."

Sikujua aliyesema ni fundi au ni sheria, na sikuuliza. Nilisimama ukingoni mwa barabara ya Kanduyi nikalitazama likienda, polepole mno, nyuma ya tela ya miwa ambayo asubuhi angeipita.

Naitiri, Ijumaa alasiri. Nilifika kwa lori la mbao hadi Misikhu, kisha kwa miguu, kisha nyuma ya baiskeli ya mtu aliyepeleka mikate. Ningeweza kwenda moja kwa moja Kitale, lakini nilikuwa na neno na Wanjiku. Nilimkuta barazani pake, nikamweleza kosa la barua na kilichotokea, na kwamba nililiona nikamwambia inasomeka.

Alizungusha rola ya taipu. "Hata mimi niliona," alisema. "Niliona haingii. Lakini nilidhani ni mimi."

Nimekaa na maneno hayo miaka mingi. Wawili tuliliona kosa lile. Mmoja alinyamaza kwa sababu alichekwa mno, na mwingine alinyamaza kwa sababu alitaka kuchekesha.

Kwa Mzee Wanyonyi maziwa ya asubuhi yalikuwa yamekwisha kwenda. Barasa alikuwa uani akinywa chai, karatasi ya mkaguzi mezani chini ya sufuria ndogo isipeperuke. Alinisalimia kwa kichwa. Mzee alikuwa ameisoma karatasi ile mara nyingi.

"Tlekta!" alisema na kucheka hadi akakohoa. "Tlekta isiyorima!"

Mama Nekesa hakucheka. "Na wagonjwa?"

"Abiria hapana, mama," alisema Barasa. "Imeandikwa."

"Nimekuuliza wagonjwa."

Mama alijimiminia chai, akakaa.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nikiwa nafunga mkoba, jirani alikuja akikimbia kutoka bondeni. Mama yake mzee alikuwa amelala siku mbili na homa, na tangu asubuhi hakumtambua mtu. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Wote tulimtazama Barasa, na Barasa aliitazama karatasi mezani. Kisha akanitazama mimi, au tuseme alilitazama daftari langu.

"Fundi," alisema Mama Nekesa, "abiria ni mtu anaenda anakotaka. Huyo mama hataki kwenda popote. Anapelekwa."

Barasa aliweka kikombe chini. Barasa alishuka na Popo bondeni, sisi tukimfuata kwa miguu tukiruka madimbwi, tukateremsha ubao wa bodi, tukatandika nyasi kavu na godoro. Bikizee alikuwa mwepesi kuliko nilivyotazamia. Nilishika ncha moja ya godoro, mwanawe akashika nyingine. Tulipomweka juu, godoro likaanza kuteleza, na hapakuwa na cha kulizuia.

"Panda, mwalimu," alisema Barasa. "Shika kichwa chake."

Nilipanda. Katika jarida la mwezi ule niliandika kwamba trekta moja ya kubeba maziwa ilikaguliwa Kanduyi ikapita, na wasomaji wangu wawili wakanyamaza, kila mmoja akidhani alikuwa na haki. Hayo mengine sikuyaandika hadi leo. Lile gari lilikatwa zamani, baada ya njia ya Naitiri kuwekwa changarawe, na hakuna tena atakayedhurika nikiyasimulia. Nilikuwa nikiamini kwamba kazi yangu ni kuona na kuandika, basi. Bado naamini, ila siku hizi nikiona kosa linaelekea kumwangukia mtu, husema kwanza ndipo niandike.

Njia nzima hadi zahanati kichwa cha yule bikizee kilikuwa mapajani mwangu, kizito na chenye moto, na maji ya mvua yakinitiririka shingoni. Mara moja alifungua macho akauliza tumepanda gari gani. Mwanawe akamwambia ni trekta. Barasa alisikia, akatikisa kichwa, akaingiza gia ya pili, na tukaenda mwendo ule ule ulioandikwa kwenye karatasi.